Watoto wa Tabora wapewe darasa la ngoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni tangu nisome ile habari fupi mliyoiweka chini kabisa ya ukurasa wa burudani, ya kundi la ng'ambo la baleti, ule uchezaji wa jukwaani uliotoka Ulaya, linalosherehekea msimu wa kumbukumbu ya kuanzishwa kwake. Zilikuwa aya tatu tu, na picha ya msichana amesimama kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimekaa kwa jirani yangu hapa Kanyenye, gazeti likapita mkono kwa mkono, na karibu kila aliyelishika alisema maneno yaleyale: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, Mhariri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nilisimamia kikundi cha ngoma cha shule, kile tulichokuwa tukikiandaa kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na kwa kupenda kwangu nikawa nasoma kila nilichokipata kuhusu uchezaji, wa kwetu na wa wenzetu. Ndipo nilipokutana na habari za Arthur Mitchell. Tangu siku hiyo silisikii neno baleti bila kumkumbuka.

Mitchell alizaliwa mwaka 1934 Harlem, mtaa wa watu weusi katika jiji la New York. Mwaka 1955 aliingia New York City Ballet, kundi lililokuwa chini ya mtunzi wa baleti George Balanchine, akapanda hadi daraja la juu kabisa la wachezaji, mtu mweusi wa kwanza kufika hapo katika kundi hilo. Aprili 1968, akiwa safarini kwenda Brazil alikokuwa akisaidia kuunda kundi la baleti, akapata habari kwamba Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, ameuawa. Akajiuliza anakwenda kuwajengea watu wa mbali kitu gani, na mtaa wake mwenyewe hauna. Akarudi Harlem kufundisha watoto. Kuna kipindi darasa lake lilikuwa ndani ya gereji. Joto lilipozidi aliacha milango wazi, wapita njia wakasimama kutazama, na watoto waliokuja kuchungulia wakaingia. Wavulana walioona haya kuvaa yale mavazi ya kubana miguu aliwaruhusu waje na suruali zao za jinzi, zimekatwa magotini. Mwaka 1969, pamoja na Karel Shook aliyewahi kumfundisha, akaanzisha Dance Theatre of Harlem.

Darasa la watoto lilitangulia, jukwaa likafuata. Naomba wasomaji wakumbuke hilo, maana nitalirudia.

Jambo jingine alilofanya Mitchell ni la viatu. Vile viatu vya kusimamia vidole, pamoja na soksi zake, vilikuwa vya rangi ya waridi iliyofifia, kwa sababu vilifuata ngozi ya Mzungu. Mchezaji mweusi akivivaa, mguu unaonekana kukatika, wa juu wa mtu mmoja na wa chini wa mtu mwingine. Mitchell akataka vipakwe rangi, kila mchezaji na rangi ya ngozi yake. Wachezaji weusi wa makundi mengine waliendelea kujipakia viatu vyao kwa mikono miaka mingi. Freed, watengenezaji wa viatu hivyo wa London, walianza kutoa vya kahawia mwaka 2018. Na hadithi zenyewe Mitchell hakuziogopa. Ile baleti ya zamani iitwayo Giselle, ya msichana wa kijiji cha Ujerumani, mwaka 1984 kundi lake liliicheza ikiwa imehamishiwa Louisiana, miongoni mwa watu weusi walio huru wa karne ya 19. Hatua zilibaki zilezile, kijiji kikawa cha kwao.

Kisha mwaka 2004 madeni yakawaelemea. Kundi likaacha kucheza, na kwa watazamaji wengi ilikuwa kama limekufa. Lakini shule haikufa. Watoto waliendelea kuja jioni, kushika ule upao wa ukutani na kukunja magoti kama walivyofundishwa wenzao waliowatangulia. Mwaka 2012 kundi likarudi jukwaani, likiongozwa na Virginia Johnson, mmoja wa wachezaji wake wa mwanzo kabisa. Mitchell alifariki Septemba 2018, na mwaka uliofuata kundi lake likaadhimisha miaka 50 bila yeye kuwepo. Mimi naamini kwa dhati kwamba kama shule nayo ingekufa, wasingekuwepo wa kuadhimisha.

Turudi nyumbani. Katika miaka ya tisini nilimwomba manju mmoja mzee, yaani fundi na kiongozi wa ngoma, aje kufundisha watoto wangu. Alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Uyui, ngoma mbili amezifunga nyuma kwa vipande vya mpira. Kabla ya lolote alikusanya majani makavu ya mwembe nyuma ya darasa la tano, akawasha moto, akaielekeza ngozi ya ngoma kwenye moto ule. Anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaigeuza kidogo, anaigonga tena. Ulikuwa wakati wa mvua, na ngozi iliyolegea kwa unyevu hulia kama debe. Watoto walikuwa wamenyamaza kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuipata katika somo la hesabu.

Msichana mmoja akasogea. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, lete mguu." Akachana ukanda wa kanga kuukuu, akauzungusha kifundoni mara tatu ili chuma kisimchubue, ndipo akafunga njuga, na fundo akaliweka upande wa nje mguu mmoja usije ukaukwaruza mwenzake. Yule mtoto alipoanza kurukaruka kwa furaha, mzee akamshika bega. "Usiruke. Kanyaga, halafu subiri." Alasiri nzima ile walijifunza hatua moja. Moja tu. Kufikia jioni njuga 24 zilikuwa zikilia kama za mtu mmoja, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na filimbi yangu ya ualimu nikajua kwamba yote niliyowafundisha hadi siku ile yalikuwa mazoezi ya viungo.

Alitujia misimu mitatu. Nilichoweza kumpa ni sukari, sabuni na pesa ya kurekebishia baiskeli. Msimu wa nne sikumwona. Nilipotuma mtu kuuliza, nikaambiwa wameshamzika.

Ninalo daftari la siku zile. Maneno ya nyimbo 11 yamo, yote yanasomeka. Pembeni nilichora mishale: kushoto, kulia, nusu duara. Juzi niliikalia ile mishale kutwa nzima nikijaribu kumwonyesha mjukuu wangu, nikashindwa. Ule mguu unaotangulia mlio wa ngoma kidogo, pale ambapo mzee alikuwa akifumba macho, haumo katika mshale wowote.

Wenzetu nao walilifikia tatizo hili. Vladimir Stepanov, mchezaji wa St. Petersburg, alibuni namna ya kuandika miondoko ya mwili kwa alama zinazofanana na noti za muziki, akachapisha kitabu chake Paris mwaka 1892. Baleti za Kirusi zikaandikwa kwa alama hizo. Baada ya mapinduzi ya 1917, Nicholas Sergeyev, msimamizi wa baleti huko St. Petersburg, aliondoka Urusi na shehena ya maandishi hayo, na katika miaka ya 1930 Ninette de Valois, aliyekuwa akijenga London kundi ambalo leo ndilo Royal Ballet, akamchukua awafundishe wachezaji wake kutoka kwenye karatasi zile. Kwa hiyo tunaposema baleti ni ya Wazungu, kana kwamba wamezaliwa nayo, tunakosea. Majina ya hatua zake ni ya Kifaransa kwa sababu ilipata sheria zake kwa mfalme Louis XIV, aliyeanzisha chuo cha uchezaji Paris mwaka 1661. Warusi walijifunza kwa kufundishwa, Waingereza vivyo hivyo, na watu wa Harlem vivyo hivyo. Siku hizi hata Kibera, Nairobi, wapo watoto wanaojifunza.

Mwalimu Nyerere, ambaye elimu yake ya sekondari aliipata hapahapa Tabora, aliligusa hili Desemba 1962 nchi ilipokuwa Jamhuri. Alisema wasomi wetu wengi walijifunza rumba, chachacha na waltz, na akauliza ni wangapi waliojua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Serikali yake iliunda kundi la taifa la ngoma, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nakiheshimu sana chuo kile. Lakini Bagamoyo ndiko ilikokuwa ikiishia njia ya misafara; mizigo na nyimbo za wapagazi zilikuwa zikitoka huku Unyanyembe, yaani Tabora yetu. Kijana wa miaka 20 anaweza kupanda treni aende kusoma. Mtoto wa miaka 9 hawezi, na mwili wa mchezaji hutengenezwa katika umri huo. Wa baleti huanza wakiwa na miaka 8, 9, 10. Wa kwetu zamani walianza hata kabla ya hapo, mgongoni mwa mama.

Tabora tumebaki na nini? Tumebaki na ngoma za mapokezi. Kuna mwaka tuliitwa na ofisi moja, tufike saa mbili asubuhi kumpokea mgeni. Mgeni alifika saa nane. Watoto walikaa juani wamevaa njuga muda wote huo, wakacheza dakika nne wakati magari yanapita, wakagawiwa soda moja kwa watu wawili. Ngoma zetu zikachukuliwa kwenda kuhifadhiwa stoo ya watu wale kwa ajili ya shughuli nyingine. Nilipozifuata miezi mitano baadaye, paa lilikuwa limevuja na panya walikuwa wamekula ngozi. Zilikuwa ngoma za yule mzee. Bado linaniuma.

Najua nitaambiwa simu zipo, watu warekodi. Ni kweli, warekodi, ila nimeziona video nyingi za ngoma zetu na karibu zote zinaonyesha vichwa na mabega. Miguu imefichwa na vumbi au na watazamaji, na mpigaji picha anapofika mahali patamu anageuza kamera kumtafuta mheshimiwa. Kurekodi kwa maana kunataka manju acheze polepole, miguu ionekane, ngoma ipigwe peke yake kisha na njuga, na awepo mtoto anayejifunza papo hapo ili kosa lake lionyeshe mahali penye ugumu. Yaani tunarudi kwenye darasa.

Ninachoomba kwa Manispaa yetu, na kwa wafanyabiashara na wazazi, ni kidogo. Jumamosi asubuhi, watoto wa shule za msingi wakutane mahali pamoja pa kudumu, wafundishwe na manju wawili wanaolipwa kila mwezi kama anavyolipwa mtu mwingine yeyote mwenye ujuzi. Mamanju wapo, Uyui, Sikonge, Nzega, lakini ni wazee. Na siku mkitujengea ukumbi, tafadhali msimwage saruji kila mahali. Makundi ya baleti hutandika sakafu ya mbao inayonesa ili kulinda magoti na vifundo. Sakafu yetu ya kunesa ni udongo ulioshindiliwa na kunyunyiziwa maji. Niliwahi kufundisha msimu mmoja kwenye saruji, na nusu ya watoto walikuwa wakichechemea kabla ya mashindano. Tuachieni udongo, paa juu, na mwembe wa kuchukulia majani ya kupashia ngoma.

Daftari langu ninalo. Jozi saba za njuga za yule mzee ninazo pia, nimezifunga katika kanga na kila baada ya mvua nazipaka mafuta zisipate kutu. Siku darasa litakapofunguliwa nitazileta mwenyewe, na huenda akawepo mzee mwingine atakayeisoma ile mishale yangu.

Mwalimu mstaafu,
Kanyenye, Tabora