Khanga tumepata, kitambulisho bado

Mhariri,

Ile habari yenu ya maafisa ustawi wa jamii kuhimizwa "wasiogope siasa" nimeisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Miaka 11 sijaandika gazetini. Wasiogope? Wa kwetu hapa Tanga hawaogopi hata chembe.

Shangazi yangu ana miaka 81, anakaa Pongwe. Sera ya Wazee ya 2003 ilishamwahidi matibabu bila malipo, lakini akifika dirisha la hospitali anaulizwa kitambulisho cha mzee, na kitambulisho hakitoki mpaka afisa amtambue. Msimu wa kampeni uliopita nilimpakia kwenye daladala mara tatu kuja mjini, ofisi ya ustawi. Mara ya kwanza mlango umefungwa. Mara ya pili mlango wazi, koti liko kitini, mwenye koti hayupo. Mara ya tatu mlinzi akatuonea huruma: nendeni kiwanjani. Tukaenda, jua la saa saba, shangazi na mkongojo wake. Tukamkuta bwana afisa na kofia ya chama kichwani, anawapanga wazee mkekani mbele ya jukwaa, tena anawaita kwa majina, maana majina anayo yeye: kaya maskini, wajane, walemavu, wote wamo kwenye daftari la ofisi. "Shikamoo bibi, karibu mkekani." Nikamwambia, mwanangu, sisi tumefuata kitambulisho. Akacheka. "Mama, leo sipo kikazi." Jumatano hiyo, Mhariri, na mshahara unahesabika! Shangazi akapewa soda ya moto na khanga, khanga yenyewe ukiiweka mkononi unahesabu vidole upande wa pili.

Chama sikitaji. Ingekuwa kofia ya rangi nyingine ningeandika barua hii hii.

Siasa inayowahusu ndiyo wanayoikimbia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aozwe. Rebeca Gyumi, mwanasheria, akaenda mahakamani kuipinga hiyo ya ndoa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Muda wote huo, nani aliyekuwa akiwaona mabinti hao wakiingia ofisini na mimba? Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na majina ya wasichana waliotoweka darasani nimeyapeleka mwenyewe kwenye meza ya ustawi. Yaliandikwa, kwa mwandiko mzuri. Lakini afisa asimame mbele ya mbunge aseme, mheshimiwa, sheria hii inatumalizia watoto, hesabu yao hii hapa? Hapo utaambiwa mtumishi wa umma haruhusiwi siasa. Kutandika mkeka anaruhusiwa.

Na afisa ustawi msimchanganye na afisa maendeleo ya jamii, kama mlivyofanya kwenye picha yenu. Huyo ndiye wa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Kikundi chetu cha kusuka ukili kilijaza fomu, tukaambiwa turudi na muhtasari wa kikao, tukarudi nao, tukaambiwa muhuri umekaa vibaya. Muhuri wao wenyewe! Hiyo nitaiandikia barua yake.

Kwa kuwa mmeshauri waingie siasani, nami nina langu. Siku ya mkutano, meza ya ustawi, daftari na muhuri vipakiwe kwenye gari lile lile la vipaza sauti, viwekwe chini ya jukwaa upande wa kivuli. Vitambulisho vitoke kwanza, mgombea apande jukwaani baada ya wa mwisho kwenye foleni kuhudumiwa. Shangazi tutamleta saa mbili asubuhi, na khanga yao atakuwa ameivaa.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga