Barua kwa mwanangu: kiti ulichokitoa kikakataliwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Tanga. Sote hatujambo, na baba yako anakusalimu. Ulipopiga simu juzi sikukujibu kwa kirefu, kwa sababu nilisikia hasira ingali juu, na mwenye hasira hupewa pole kwanza, mengine yakafuata. Leo nakuandikia kwa kuwa kile kiapo chako, kwamba hutampisha mtu kiti tena maishani, kimenisumbua kuliko hata maneno uliyotupiwa.

Ulisema basi la mwendokasi huko Dar es Salaam lilikuwa limejaa tangu Kimara, na mzee aliyepanda nyuma yako akakosa pa kukaa. Ukasimama, ukamwambia, "Mzee, karibu ukae," naye akakujibu kwa sauti iliyosikika basi zima, "Nani kakwambia mimi sijiwezi? Kaa na kiti chako!" Watu wakacheka, nawe ukamrudishia kwamba ndiyo maana wazee wa siku hizi hawaheshimiwi.

Alikukosea, na sitakuambia vinginevyo eti kwa kuwa ana mvi. Hata hivyo, naomba utenganishe mambo mawili ambayo hasira imeyachanganya. Kukikataa kiti ilikuwa haki yake, kwa maana ulimkaribisha, hukumwamuru. Kosa lake liko kwenye ulimi tu. Ukiyatenganisha hayo utaona kwamba kiti kukataliwa hakukupunguzii heshima yoyote, na wanaokataa wana sababu zao ambazo abiria wenzao hawazioni. Bibi yako, tangu goti lake la kushoto liharibike, husafiri amesimama hata daladala likiwa tupu, maana akishakaa, kuinuka ndiko kunakomtesa: hushika chuma kwa mikono miwili, hujivuta mara ya kwanza akashindwa, hujivuta tena, na kondakta huku anagonga bodi akimhimiza. Wapo wasichana wanaokataa kwa ukali kwa sababu wameshapishwa kiti na mwanaume, kisha wakaombwa namba ya simu mpaka Magomeni. Na yupo mwanaume aliyestaafu majuzi, ambaye siku kijana anapomsimamia ndipo anapotambua watu wanamwonaje, tena mbele ya umati. Simtetei yule mzee, wala sijui lililomsibu asubuhi ile. Nakuonyesha tu kwamba maneno yale huenda hayakuwa yako hata kidogo.

Sasa kuhusu jibu. Lililokutosha ni hili: "Samahani mzee, nilidhani utapenda kukaa." Useme mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, usianze kujieleza wala kuwatazama watu wakuunge mkono. Baada ya hapo tupa macho, na ikiwa yupo mwingine mwenye kuhitaji, mpishe. Kama hayupo, kaa kimya kimya. Akiendelea kukusema, huna deni la kumjibu, sogea au geukia dirishani. Aya ya 63 ya Sura ya Al-Furqan, uliyoisoma madrasa ungali mdogo, inawasifu waja wa Mwenyezi Mungu kwamba wajinga wakiwasemeza, wao hujibu kwa salama. Aya hiyo haikutaki uwe mnyonge. Inakuzuia tu usishuke hadi pale aliposhukia mwenzako. Jibu lako lilishuka, mwanangu, tena liliwabeba wazee wote wa nchi hii kwa kosa la mtu mmoja, na mimi na baba yako tukiwemo.

Iko pia namna ya kupisha ambayo haimwaibishi mtu. Ndani ya basi lililobanana, ukimwita mtu "mzee" kwa sauti umeshawatangazia wote umri wake. Wewe inuka, sogea hatua moja kana kwamba unakaribia kushuka, mwonyeshe kiti kwa mkono, kisha tazama pengine. Anayetaka atakaa, na asiyetaka hatalazimika kukukataa mbele za watu.

Kiapo chako nakuomba ukivunje, na kama uliapa kwa jina la Mungu, kuna kafara yake, muulize ustadhi wa msikiti wenu. Mama mjamzito anayepanda Manzese hakukutukana, wala yule mwenye magongo anayejitahidi kushika chuma pale Shekilango. Hao ndio watakaosimama mpaka Kivukoni kwa kosa lisilo lao, na yule mzee hatajua hata kama uliapa.

Kwa kuwa mnapandia kituo kimoja, mtakutana tena kwenye foleni. Mwamkie shikamoo kama unavyowaamkia wengine, usimkumbushe ya siku ile, wala usimsubirie akuombe radhi. Akiitikia, vizuri. Asipoitikia, panda basi lako uende kazini.

Ni mimi mama yako.