Mdogo wangu, mwanao bado hajamwita mtu

Mdogo wangu mpenzi,

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nane. Ujumbe ulioifuata niliusoma mara moja tu, ukanitosha: "Miezi tisa tumboni, miezi saba mikononi, halafu anaanza na baba." Ukaongeza kwamba shemeji amefurahi mpaka anawapigia ndugu zake simu, na kwamba hata neno lenyewe si letu, tumeliazima kwa Waarabu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako uliyelizwa na jambo hili, na kwa sababu neno hilo nalipenda, sitaki likuumize.

Isikilize tena, ila safari hii muache mtoto, ujisikilize wewe. "Sema mama, baba yangu. Haya baba, sema mama." Umelitamka mara mbili kabla yeye hajafungua mdomo! Ndivyo tunavyowaita watoto wetu wa kiume tangu zamani, na wala hatujisikii tukisema. Waarabu nao wana mtindo unaokaribiana na huu: baba humwita mwanawe "baba", hata akiwa binti, na mama humwita mwanawe "mama". Mtoto anapewa jina la yule anayemwita. Kwa hiyo neno hili hata midomoni mwa watu wazima halikai kwa mtu mmoja.

Sasa mwangalie midomo. Mtoto wa miezi saba anaifunga na kuifungua, basi. Hiyo "a" ni mdomo uliofunguka, haihitaji ufundi wowote. Pumzi ikitokea mdomoni unasikia "ba". Midomo ikiwa imefungwa na sauti ikapitia puani kwanza, unasikia "ma". Akishaipata silabi moja anairudia na kuirudia, maana imemfurahisha. Anabwabwaja (na ukilisema neno hilo polepole utaona midomo yako nayo inafanya kazi ileile). Neno lenye maana kwa kawaida huja anapokaribia mwaka. Kabla ya hapo, sauti inatoka tu, na mtu mzima aliye karibu anageuka na kusema: ananiita mimi.

Anayegeuka ndiye anayebadilika. Sauti ileile ya mwanao ingesikika kwa Waturuki, Waajemi, Wachina au Wayoruba, angegeuka baba kama shemeji alivyogeuka. Kwa Waserbia, Wabulgaria na Waukraine angegeuka bibi, kwani kwao baba ni bibi mzaa mama au mzaa baba. Kwa Warusi, baba alikuwa mwanamke wa kijijini aliyeolewa, na leo kumwita mwanamke hivyo kunaweza kuwa dharau. Bibi yao wanamwita babushka, neno lililotoka humo humo likalainishwa. Kwa Kijapani ni kikongwe wa kike, na kumwambia hivyo usoni ni kumkosea adabu. Huko India baba anaweza kuwa mzee, au mtawa aliyeipa dunia kisogo, au mtoto mdogo anayebembelezwa. Na kwa Kihispania baba ni udenda. Udenda huo huo uliokuwa ukimtiririka kidevuni! Wataalamu wa lugha hiyo wanasema neno lilitokana na kubwabwaja kwa watoto.

Lakini ambao ningetaka uwajue hasa ni Wageorgia, kule Kaukasi. Kwao baba mzazi anaitwa "mama". Mama anaitwa "deda". Fikiria mwanamke wa kule, amembeba mwanawe miezi ileile tisa, mtoto anafumbua kinywa anasema "mama", na nyumba nzima inampongeza mume. Nimelifikiria hilo sana tangu uniandikie. Hata Wajapani, ambao leo mama wanamwita "haha", wanaisimu wanaeleza kwamba hiyo "h" zamani ilikuwa "p". Yaani mama wa Kijapani aliwahi kuitwa "papa".

Kuhusu kuazima, hapo nakupinga waziwazi. Kitabu tumekipata kwa Waarabu, hilo halina ubishi, ukoo wake unafuatika. Baba si hivyo. Wazulu wanasema baba, Washona wanasema baba, na Wakikuyu wanasema baba kwa maana ya "baba yangu" tu; wako ni thoguo, wake ni ithe. Neno lililokita mizizi kiasi hicho katika lugha za Kibantu halikungoja jahazi. Na Wachina hawakulipata kwa Wayoruba. Maneno mawili yanaweza kufanana kama mapacha na yasiwe na babu mmoja.

Kuazimana kupo, sikatai. Papa, mkuu wa Kanisa Katoliki, ametufikia kutoka Kilatini, nacho kililitoa kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa neno la mtoto la kumwitia baba. (Papa wa baharini ni neno jingine kabisa.)

Mwaka 1959 Mmarekani George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kumwita mama na baba kutoka lugha za kila pembe ya dunia. Mwanaisimu Roman Jakobson akayachukua, akauliza kwa nini yanafanana hivyo. Sauti za puani, kama m na n, zilikuwamo katika asilimia 55 ya maneno ya mama, na asilimia 15 tu ya maneno ya baba. Maelezo yake yako karibu sana na wewe. Mtoto anaponyonya, midomo imebana titi na kinywa kimejaa. Sauti pekee inayoweza kutoka ni ile ya puani. Baadaye, akikiona chakula au akimtaka anayemlisha, anaitoa sauti ileile hata kama kinywa ni kitupu. Neno "baba" halina kazi hiyo. Mtoto analicheza akiwa ameshiba na ametulia.

Ndiyo maana nakuomba usiikate ile sauti pale shemeji anapoanza kucheka. Iache iende hadi mwisho. Kicheko kinaisha, unasikika ukimnyanyua, kisha mtoto anaanza kunung'unika kwa njaa, midomo imefumbwa: mm, mm, mmm. Hapo ukazima simu ukamnyonyesha. Kwenye ujumbe wako hukuitaja sehemu hiyo.

Dada yako