Barua kwa Baba kuhusu mfumuko wa bei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku Uingereza hatujambo, na tunakuombea wewe na Mama afya njema.

Uliniuliza kwa nini redio hutangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka ilhali bei zenyewe hazijarudi zilikokuwa, ukashuku kwamba takwimu hizo ni za uongo. Mfumuko hupima kasi ya kupanda kwa bei, haupimi ukubwa wa bei. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 10 hufika 110. Mwaka unaofuata mfumuko ukishuka hadi asilimia 3, kitu hicho hakirudi 100, bali huzidi kupanda hadi 113 na ushei. Tena takwimu hutokana na kapu la bidhaa na huduma za kaya ya wastani, nayo kaya ambayo kipato chake huishia kwenye chakula na nauli huumia kuliko wastani huo pindi hivyo vinapopanda zaidi. Hivyo takwimu yaweza kuwa sahihi, na maumivu yako yakawa ya kweli vilevile.

Vyanzo vya mfumuko havifanani. Ujerumani ilipoziba nakisi ya bajeti kwa kuchapisha noti, dola moja, ambayo mwaka 1914 ilikuwa sawa na mark 4.2 (mark ni sarafu yao ya wakati huo), ilifika mark trilioni 4.2 mwezi Novemba 1923. Huku kwetu hali ilikuwa tofauti: baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, gesi ilipanda bei mno, na kwa kuwa nishati imo katika gharama ya karibu kila kitu, mfumuko ulifika asilimia 11.1 mwezi Oktoba. Mahali pengine sarafu hushuka thamani, na kila kinachoagizwa kutoka nje huwa ghali hata kama muuzaji wa huko hakubadili bei yake.

Benki Kuu ya hapa ilipandisha riba kutoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 hadi 5.25 mwezi Agosti 2023. Riba haizalishi gesi. Hufanya mikopo kuwa ghali, watu wakapunguza matumizi, na huzuia hofu ya kesho isigeuke bei ya leo, kwa maana muuzaji anayetarajia gharama kupanda hupandisha mapema, na mfanyakazi naye hudai nyongeza kwa sababu hiyo hiyo. Mfumuko ulirudi asilimia 2 mwezi Mei 2024, lakini kwangu mimi gharama ya tiba hiyo iliwaelemea mno wenye madeni ya nyumba, ambao hawakusababisha ugonjwa.

Kinachonishughulisha zaidi ni pensheni yako, kwani mfumuko hata ukiwa mdogo huimega kila mwaka isipoongezwa. Niandikie imeongezwa mara ngapi na kwa kiasi gani tangu ustaafu, ili nilinganishe na fahirisi ya bei, yaani kipimo cha bei za lile kapu, ya miaka hiyo.

Mwanao akupendaye