Umeme ukikatika, maabara nzima inasubiri seva

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wenzangu wanaofunga mfumo endeshi wa Linux mashuleni. Hapa Tanga nimerithi maabara yenye kompyuta 20 zinazochukua mafaili ya wanafunzi kwenye seva moja kwa NFS, mfumo wa kutumia mafaili ya kompyuta nyingine kupitia mtandao, ulioanzia kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Umeme ukikatika, seva huchelewa kuamka. Basi kompyuta zinakwama kwenye skrini nyeusi dakika moja na nusu, watoto wameshika tama. Kumbe aliyenitangulia hakuandika "nofail", neno linaloruhusu kompyuta iendelee kuwaka hata folda ya seva isipopatikana, kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na folda za kuunganishwa! Nimeliongeza pamoja na "x-systemd.automount", sasa mashine inawaka bila kuisubiri seva, na folda inaunganishwa mtu anapoifungua. Ila "soft", chaguo linaloifanya kompyuta ikate tamaa seva isipojibu, msiliweke, jamani: seva ikisita, faili laweza kuharibika kimyakimya.

Fundi wa maabara,
Tanga