Risala ya wakimbiaji wa kupokezana, Moshi hadi Marangu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi mlioambatana naye,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanariadha wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama 31 wa klabu yetu ya mbio, nakukaribisha kwa mikono miwili. Tulihofia utakuja na viatu vya ofisini, lakini tumekuona ukishuka garini na raba miguuni. Wapo hapa mbele ambao wameshakupangia kipande cha kukimbia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zimebaki siku 16 tukimbie mbio za kupokezana kutoka Moshi mjini hadi Marangu. Kila timu ina watu sita na umbali ni ule wa marathoni, kilomita 42.195. Vipande tumevigawa kwa mtindo wa ekideni, mbio za Wajapani za kupokezana barabarani: kilomita 5, 10, 5, 10, 5, na za mwisho 7.195. Wenyewe waliuanza mchezo huu mwaka 1917 kwa kukimbia kutoka Kyoto hadi Tokyo, zaidi ya kilomita 500, siku tatu mchana na usiku. Majirani zetu wa Kenya waliwafuata hukohuko, na mwaka 2005 mjini Chiba vijana wao sita walimaliza umbali huu wa marathoni kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 6. Sisi muda wetu bora wa mazoezini ni saa 2 na dakika 41. Tunausoma mbele yako bila aibu, maana kikosini yumo fundi cherehani, wamo wanafunzi wawili wa kidato cha nne, na yumo mwalimu mstaafu ambaye bado anatukemea tukichelewa.

Mwaka jana tulishindwa, na inafaa ujue tulivyoshindwa. Tulishindwa tukiwa tumesimama.

Kijana wetu wa kipande cha tatu aliingia Uchira akiwa wa pili, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, mkanda wa kupokezana ameshauvua begani yuko tayari kuutoa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Wa kumpokea hayupo. Kumbe yuko ndani ya Hiace, Kiboriloni, na konda anasubiri abiria wawili ndipo gari liondoke. Kila tukimpigia simu anasema, "Nipo njiani." Kwa dakika 11 yule kijana alizunguka pale kituoni kama kuku anayetaka kutaga, huku timu zikimpita. Hiace ilipofika, mwenzetu aliteremka kabla halijasimama vizuri, akaunyakua mkanda na kukimbia kilomita 10 nzima na chenji ya nauli mkononi. Tulikuwa wa tisa. Timu ya kumi haikumaliza.

Septemba 2025 mwanamarathoni wetu Alphonce Simbu alitutoa machozi kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na nchi yetu ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Siku ile mwalimu mstaafu aliuliza swali moja tu kwenye kundi letu la WhatsApp: "Na zile dakika zetu 11 ziko wapi?" Hakuna aliyemjibu mpaka kesho yake.

Kwa hiyo maandalizi ya mwaka huu hatukuanza na kasi, tulianza na kupokezana. Hatutumii kijiti, tunatumia mkanda wa kitenge ambao fundi wetu ameushona mara mbili ili usijikunje. Anayekimbia huuvaa begani ukakatiza kifuani. Akibakiza kama mita 200 anauvua, anauzungusha kwenye ngumi usimponyoke, kisha anaunyoosha kwa mikono miwili ili mwenzake aushike katikati. Yote hayo yafanyike ndani ya mita 20, yaani 10 kabla ya mstari na 10 baada yake. Jumanne na Alhamisi, katika Uwanja wa Ushirika, tunarudia jambo hilo moja hadi wapita njia wanadhani tunafanya igizo.

Kusubiri nako kuna kazi yake. Anayesubiri akikaa mapema mno kwenye upepo wa Uchira anapoa na misuli inakaza, na akichelewa mnayajua. Tumekubaliana afike saa moja kabla, akae na sweta, aanze kupasha mwili anapopigiwa simu kwamba mwenzake amebakiza kilomita 3. Na asile mtori asubuhi hiyo. Mhusika yupo hapa, anacheka.

Kipande cha mwisho, kile cha kupanda kutoka Himo, wanaume kadhaa walikigombea. Tulikimbia majaribio, na aliyewaacha wote ni dada yetu aliyekulia kwenye kushusha mikungu ya ndizi sokoni Himo na kuupanda mlima ule na mizigo ya dukani kichwani. Kipande ni chake. Wale wanaume sasa wanambebea maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu hayana jezi. Fulana tunazo tele, nyingine zina sura za wagombea wa uchaguzi, tunazigeuza ndani nje. Viatu tunachagua wenyewe kwenye mitumba ya Kiboriloni, alfajiri, marobota yanapofunguliwa. Tunachoomba ni gari moja, hata Kosta ya kuazima, litakaloondoka na wapokeaji wote saa 11 alfajiri na kumshusha kila mmoja kituoni kwake bila kusubiri abiria. La pili, tunaomba utusemee tupate askari wa usalama barabarani pale Njia Panda, ambapo malori ya Holili na mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanakutana, na mkimbiaji aliyechoka hasikii honi.

Ukitujalia hilo la gari, la tatu tunalifuta. Lilikuwa kukuomba uongee na makonda.

Tunawashukuru wazazi walioturuhusu, na mama lishe wa hapo getini anayetukopesha uji wa ulezi. Daftari lake la madeni tumelileta, lakini si kwa ajili yako.

Mkanda wenyewe ni huo hapo mezani mbele yako. Umefuliwa jana.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa klabu