Raki iliyoachwa bila ethi, na msasa uliotupwa kwenye ndoo

Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Barabara ya Sokoine, Ghorofa ya 3,
Dar es Salaam.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Usambazaji wa Intaneti ya Mkongo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUNGAJI WA MKONGO NA ETHI KATIKA RAKI YETU, NA LUGHA YA FUNDI WENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa hii ni barua yangu ya tatu, na zile mbili za kwanza zilijibiwa kwa ujumbe wa simu usiozidi mistari miwili. Mkataba mnao, na mwongozo wenu wa ufungaji mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo sitawasomea vifungu vyake. Nitaeleza tu yaliyofanyika ndani ya chumba chetu cha mitambo, ambacho mimi ndiye msimamizi wake.

Siku ya Jumanne, fundi wenu alipokuwa akimalizia kazi, nilimwonyesha kwamba waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme wa radi na hitilafu ardhini, ameufunga juu ya rangi ya raki, fremu ya chuma inayobeba vifaa vyetu, na kwamba koti la chuma la kebo iliyotoka nguzoni limeachwa likining'inia nyuma ya swichi ya mtandao, limezungushiwa tepu nyeusi. Nilimwomba akwangue rangi hiyo ili chuma kiguse chuma, kwa kuwa rangi huzuia umeme. Alinijibu, mbele ya wafanyakazi wenzangu na mteja, "Mama, hiki ni kioo, kioo hakipitishi umeme. Kaa na makaratasi yako ya bandari, haya ya mkongo tuachie wenyewe." Msaidizi wake akacheka.

Siku 9 baadaye ikanyesha ile mvua ya masika iliyoanza usiku wa manane, yenye radi mfululizo. Asubuhi tulikuta swichi mbili zimekufa, rauta imekufa, na kile kifaa chenu kinachogeuza mwanga kuwa intaneti kikinuka plastiki iliyoungua. Seva ilinusurika kwa sababu tu imo kwenye raki ya pili, ambayo fundi wenu hakuigusa. Kwa siku 4 hatukuweza kuingia kwenye mfumo wa forodha kutoka ofisini, na mizigo ya wateja wetu ilikaa bandarini ikihesabiwa gharama za kuhifadhiwa. Nanyi mkatuambia kwa simu kwamba radi ni kazi ya Mungu. Sina ugomvi na kauli hiyo, ila Mungu hakuifunga nati ile juu ya rangi.

Ni kweli kwamba uzi wa kioo haupitishi umeme, na hakuna aliyebisha. Kebo mliyoleta, hata hivyo, si kioo kitupu. Ina bati la chuma lililoviringishwa kuzunguka nyuzi ili panya na koleo za wachimba mitaro zisiziharibu, na bati hilo linatoka nguzoni, linapanda ukuta wetu na kuingia hadi ndani. Radi ikipiga jirani, chuma hicho hubeba msukumo wa umeme kama waya mwingine wowote. Ndiyo maana hukatwa na kubanwa kwa klampu pale kebo inapoingia katika jengo, kisha huunganishwa na ethi kwa waya mnene wa shaba, mfupi na ulionyooka. Chuma kikiachwa bila kuunganishwa, umeme hurukia chuma kilicho karibu, na katika raki yetu kilicho karibu kilikuwa swichi. Kama kazi ya klampu iliwazidi, mngeleta kebo isiyo na chuma chochote ndani yake, nayo ipo, na ninyi mnaiuza.

Baada ya hasara tulimwita fundi wa umeme kwa gharama zetu. Aliweka mita kati ya fremu ya raki na bapa la shaba la ethi lililo ukutani, na mita haikusoma mguso wowote. Akakwangua rangi kwa upana wa sarafu ya shilingi 200, akaweka washa yenye meno, akakaza upya, na mita ikashuka chini ya omu 1, yaani umeme sasa unapita bila kizuizi. Kazi hiyo yote haikufika dakika 10. Ethi ya jengo lenyewe aliipima akapata omu 4, ambayo ni nzuri, kwa hiyo msitafute mlango wa kutokea upande huo. Waya mliotuwekea ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, mahali ambapo kwa kazi hii hutarajiwa shaba ya milimita za mraba 16 hivi, na ulikunjwa mizunguko 6 ukabanwa kwa kamba ya plastiki, kana kwamba radi ni mgeni mpole wa kupita kwenye kona moja baada ya nyingine.

Narudi nyuma kidogo, kwa sababu dalili zilikuwepo tangu asubuhi ya siku ile. Kebo iliyobaki waliizungusha kwenye mpini wa raki kwa duara dogo kama kikombe cha kahawa, wakati kebo ya unene wa milimita 12 haipaswi kupindwa kwa nusu-kipenyo kilicho chini ya mara 10 ya unene huo hata ikiwa imetulia, na wakati wa kuvutwa ni mara 20. Kichwa cha uzi, cha rangi ya kijani, walikichomeka kwenye tundu la bluu. Uso wa kile cha kijani umekatwa mshazari wa digrii 8, wa bluu hauna mshazari huo, kwa hiyo nyuso hazikutani sawasawa na mwanga hupotea katikati. Ndiyo sababu ya ile intaneti ya kusuasua tuliyoilalamikia kabla hata ya radi. Kisha fundi akainua ncha ya uzi na kumwambia kijana wetu wa mafunzo achungulie kama taa inakuja. Mwanga unaopita mle hauonekani kwa macho, bali unaweza kuyadhuru. Niliuzuia mkono wake, na nadhani kuanzia hapo ndipo alipoamua kwamba mimi ni kero.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, nilipofika na msasa nilikuwa nimekwisha kuhesabiwa kuwa kero. Katika barua zilizopita sikueleza jambo hili kikamilifu kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimekata kipande cha msasa mwenyewe, nikasema, "Kaka, samahani, hapa pakwanguliwe kwanza." Aliuchukua msasa huo mkononi mwangu bila kuniangalia, akautupa kwenye ndoo ya uchafu, na ndipo akasema maneno yale ya makaratasi ya bandari. Mteja wetu aliyesafiri kutoka Tunduma kufuatilia kontena lake aliinamisha uso. Mlinzi alitoka nje. Mimi nina miaka 14 katika kazi ya mitambo, na nilibaki nimesimama mbele ya vijana ninaowafundisha, mikono mitupu, huku msaidizi akicheka na fundi akipiga picha ya raki ili awaonyeshe ninyi kwamba kazi imekamilika. Picha hiyo mnayo. Ikuzeni mtazame ile nati: rangi chini yake haina hata mkwaruzo.

Katika barua ya kwanza niliomba mje kurekebisha ethi, basi. Ombi hilo limepitwa na wakati. Sasa nataka raki ifungwe upya na fundi mwingine, koti la chuma libanwe mahali kebo inapoingia, na mita isomwe mbele yangu kabla sijatia saini. Nataka vifaa vyote vilivyoungua vilipwe kwa bei ya risiti, pamoja na gharama za kuhifadhi mizigo kwa siku zile 4, na ada ya ufungaji irudishwe yote. Nataka pia fundi yule aje aombe radhi katika chumba kilekile, vijana wale wakiwepo.

Nawapa siku 7 za kazi. Zikipita, hatutalipa ankara ya mwezi huu wala ijayo, malalamiko haya yatapelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania yakiambatana na picha yenu wenyewe, na madai ya fedha yatashughulikiwa na wakili wetu, ambaye amekwisha kuisoma barua hii. Ofisi tatu za ghorofa hii zinatumia huduma yenu, na zote zimeniomba nikazikagulie raki zao wiki ijayo.

Fundi mtakayemtuma aje na msasa wake. Wangu niliuokota kwenye ndoo, na sasa umo katika bahasha ya vielelezo.

Wenu,

Msimamizi wa Chumba cha Mitambo

Nakala: Mkurugenzi, Wakili wa Ofisi